Nani alipima kabla yako? Mtafiti wa maji anasoma riwaya za tafsiri

Nianze na kisa cha aibu, msomaji, maana bila hicho utajiuliza ukurasa wa sayansi unatafuta nini kwenye riwaya.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza shahada ya uzamili, nilikuwa kwenye timu iliyopima floridi katika maji ya visima kwenye miteremko ya Mlima Meru. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, kama kawaida yetu. Usiku wa kuamkia mkutano wa kijiji, kiongozi wa timu akanigeukia: "Wewe ndiye unayesoma riwaya. Hebu tutafsirie muhtasari, ni kurasa mbili tu." Nikakaa saa tatu, nikamaliza, nikalala nimeridhika.

Asubuhi nikasoma mbele ya watu. Nilipomaliza, mama mmoja wa makamo akasimama. "Mwanangu," akasema, "umetaja hatari mara nyingi. Sasa hiyo hatari ipo, au inakuja?"

Nilikosa jibu. Ripoti ya Kiingereza ilikuwa inazungumzia uwezekano: mtu akinywa maji haya kila siku kwa miaka mingi, uwezekano wa kupata madhara unaongezeka. Mimi nikaandika "hatari", neno ambalo hapa kwetu hupakwa rangi nyekundu kwenye nguzo za umeme, chini ya picha ya fuvu. Mwezi haujaisha tukasikia kwamba kaya kadhaa zimeacha kisima na kurudi mtoni. Kisima kile kilikuwa na floridi juu kidogo ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani. Mtoni ndiko ng'ombe wanakonywa na watoto wanakooga. Kwa ufupi, nilikuwa nimewakimbiza watu kwenye madoa ya meno na kuwapeleka kwenye kuhara.

Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu mwaka wa kwanza wa chuo nilikuwa nasoma riwaya za tafsiri, za Wapoland, Waghana na wengine, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza yule mtu wa katikati alifanya nini usiku wake. Nikaamua kuzirudia tatu kati ya hizo, safari hii nikisoma kama mtu wa maabara. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kifaa unachokisahau

Kwanza nikueleze tunavyopima floridi, kwa sababu nitakopa mfano huo hadi mwisho.

Tunatumia elektrodi inayohisi ioni za floridi. Unaitumbukiza kwenye maji, inatoa volti, unaisoma. Rahisi. Lakini elektrodi inaona ioni zilizo huru tu. Maji yakiwa na aluminiamu au chuma, sehemu ya floridi hushikana na metali hizo na elektrodi haiioni kabisa. Ipo majini, utainywa, lakini kwenye kioo cha mita haipo. Kwa hiyo kabla ya kupima tunaongeza kimiminika maalumu kinachozikamata zile metali na kuiachia floridi. Hapo ndipo namba inapoanza kusema kweli. Na kabla ya hayo yote unapima sampuli ambazo kiwango chake unakijua tayari, ili ujue kifaa chako kinadanganya kwa kiasi gani. Maana kila kifaa kinadanganya kidogo. Mtaalamu ni yule anayejua uongo wa kifaa chake.

Sasa, tukishika riwaya iliyotafsiriwa, sisi tunaojiita watu wa vipimo tunasema "nimemsoma Lem", "nimemsoma Armah". Hatusemi nimesoma kupitia nini.

Solaris: kifaa juu ya kifaa

Riwaya ya Stanisław Lem, *Solaris*, ilitoka kwa Kipolandi mwaka 1961. Mwanasaikolojia aitwaye Kris Kelvin anafika kwenye kituo cha utafiti kinachoelea juu ya sayari iliyofunikwa na bahari moja kubwa, na bahari hiyo inaelekea kuwa kiumbe hai. Vizazi vya wanasayansi vimeipima, vimeandika maktaba nzima ya nadharia, na havijaielewa. Tena bahari yenyewe inaingilia vifaa vinavyoipima na kuvibadilisha. Kisha inaanza kuwaletea watafiti watu kutoka kwenye kumbukumbu zao. Kwa Kelvin anakuja mke wake aliyekwisha kufa.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa na nakala ya mtumba, jalada limechanika. Niliipenda kwa sababu ndiyo riwaya ya kwanza niliyoona inayoheshimu kushindwa kwa watafiti. Wengi wanaotuandikia kuhusu sayansi hutuandikia ushindi. Lem anaandika kuhusu watu wenye akili wanaopima kwa bidii kitu ambacho hakipimiki kwa vifaa walivyo navyo, na hawaachi.

Nimekuja kugundua baadaye kwamba tafsiri ile ya Kiingereza, ya mwaka 1970, iliyofanywa na Joanna Kilmartin na Steve Cox, haikutoka kwenye Kipolandi. Ilitoka kwenye tafsiri ya Kifaransa. Yaani nilikuwa nasoma picha ya picha. Mke wa Kelvin, ambaye kwa Lem anaitwa Harey, mimi nilimjua kama Rheya. Mwanasayansi Snaut nilimjua kama Snow. Lem, ambaye Kiingereza alikuwa anakisoma, hakuridhika na kazi hiyo, na wasomaji wa Kiingereza walisubiri hadi 2011 ndipo Bill Johnston akatoa tafsiri iliyotoka moja kwa moja kwenye Kipolandi.

Ukipima kwa vifaa viwili vilivyofuatana, kosa la cha kwanza linaingia cha pili kama ukweli. Cha pili hakina namna ya kulijua. Kama Mfaransa aliamua sentensi fulani iwe laini, Mwingereza aliipokea tayari ni laini, akaongeza ulaini wake. Makosa ya namna hii hayafutani, na hata ungerudia kipimo mara mia jibu litakuwa lilelile, limepinda vilevile. Ndiyo maana huko maabara tunaogopa kosa la mfumo kuliko kosa la bahati mbaya.

Nikasoma ile ya Johnston kwenye simu. Nitakuwa mkweli: sikupata riwaya nyingine kabisa. Bahari ilikuwa ileile, huzuni ileile. Kilichobadilika ni hali ya hewa ndani ya kituo. Watafiti walinijia wakavu zaidi, wachovu zaidi, kama watu walioandika ripoti nyingi zisizosomwa. Na mara ya kwanza nilijiuliza kama ule upendo niliouona kati ya Kelvin na mkewe ulikuwa wa Lem au wa watu wawili waliokaa na kitabu cha Kifaransa mezani. Sijui utaniambia nini, ila mimi nilihisi kama nimeonyeshwa kwamba barua niliyoitunza miaka yote ilikuwa na mwandiko wa mtu mwingine. Bado naitunza.

Herufi moja iliyosahihishwa

Riwaya ya pili ni ya Mghana Ayi Kwei Armah, iliyotoka 1968, *The Beautyful Ones Are Not Yet Born*. Itazame vizuri hiyo tahajia. Neno la pili limekosewa makusudi, kwa sababu ndani ya riwaya maneno hayo yameandikwa kwenye basi, na aliyeyaandika aliyaandika hivyo. Nchi imepata uhuru, rushwa inanuka kila kona, na tumaini lenyewe linakuja likiwa limeandikwa na mtu ambaye tahajia ilimpita.

Kwa Kiswahili ni *Wema Hawajazaliwa*, tafsiri ya 1976. Kosa limetoweka. Sisi kwenye takwimu tuna jina la kufuta namba inayokaa vibaya ili jedwali lipendeze, na si jina zuri. Nilipoligundua hilo nilikasirika kidogo.

Hasira ikapoa nilipoendelea kulitazama jina. "Wema" kwa Kiswahili lina njia mbili: watu wema, au wema wenyewe, ile hali ya kuwa mwema. Ukisikia neno la kwanza peke yake hujui ni lipi. Ndipo linakuja "hawajazaliwa", na kiambishi cha watu kinafunga mjadala: ni watu ndio bado. Lakini kwa nusu sekunde masikio yako yalishasikia lile jingine, kwamba hata wema wenyewe haujazaliwa. Kiingereza hakina hiyo nusu sekunde. Tumepoteza herufi, tumepata mwangwi.

Na mfasiri ni nani? Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, aliyefungwa na serikali ya Kenya tangu 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijitabu alichokiita *Kenya: Twendapi?*, na ambaye mashairi ya *Sauti ya Dhiki* aliyatunga gerezani. Mtu huyo ndiye aliyeketi na riwaya kuhusu uhuru uliooza. Kama mfasiri ni kifaa, basi kifaa hiki kilikuwa kimewahi kutumbukizwa kwenye maji yaleyale. Nakushauri uisome ukiwa unalijua hilo. Mimi mara ya kwanza niliisoma kwa ajili ya mtihani, nikalikosa kabisa.

Peponi: kinachoachiwa huru

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alichapisha *Paradise* kwa Kiingereza mwaka 1994. Alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha SOAS, London.

Kisa: Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, baba yake ana hoteli inayofilisika na deni kwa tajiri aitwaye Aziz. Siku moja Aziz anaondoka na mtoto. Yusuf anadhani anasafiri na mjomba. Kijana mwenzake dukani, Khalil, ambaye naye ameletwa kwa njia hiyohiyo, ndiye anayemfumbua macho: yule si mjomba wako. Baadaye kuna msafara wa kwenda bara, kuna bustani iliyozungushiwa ukuta, na nyuma ya yote Wajerumani wanazidi kusogea. Mwisho sitakuharibia.

Nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza, na nilikuwa na majivuno fulani: maneno kama mnyapara na seyyid yalisimama katikati ya Kiingereza na mimi nilikuwa nayaelewa bila msaada. Nilijiona mwenyeji. Kwenye *Peponi* yale maneno yameyeyuka, kama chumvi kwenye maji. Yapo, hayaonekani. Hapo nikagundua kitu kisichopendeza sana: kwenye kitabu cha Kiingereza yalikuwa wageni, na mimi nilifurahi kuyaona kama mtu anavyofurahi kukutana na ndugu yake ughaibuni. Mtu huona ndugu yake ni wa ajabu kama yeye mwenyewe naye yuko ugenini. Tangu kidato cha kwanza nimesomea kila kitu kwa Kiingereza, floridi na msongo na uwezekano. Nilizoea kuyakuta maneno yangu yamesimama pembeni.

Hicho ni kitu ambacho tafsiri imekipoteza, na nadhani ni hasara ya kweli. Ule uchungu wa lugha iliyokaa mgeni kwenye hadithi yake yenyewe, msomaji wa *Peponi* hataupata. Itabidi asome na ile nyingine.

Lakini angalia kilichoachiwa huru.

Jina kwanza. Kwa Kiingereza ni kitu, pepo, unaweza kukiwaza kutoka mbali. *Peponi* lina "-ni" mwishoni: uko humo ndani. Kwa riwaya ambayo katikati yake kuna bustani yenye ukuta, swali likiwa ni nani yuko ndani na nani hatoki, silabi hiyo moja inafanya kazi ya sura nzima. Na masikioni mwa Mswahili, ndani ya neno lilelile kuna pepo wanaopandishwa. Hiyo nayo haikuwepo kwenye jina la Kiingereza.

Pili, mjomba. Kiingereza kina neno moja kwa kaka wa baba na kaka wa mama. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Mjomba, ami, baba mdogo, baba mkubwa: ukichagua, umeshasema Aziz anadai udugu wa upande gani, na kwa hiyo umeshasema uongo wake ni wa aina gani. Mfasiri hawezi kukwepa. Mimi hapa nimetumia "mjomba" kwa mazoea ya mtaani. Fungua *Peponi* uone yeye alifanyaje, kisha ujiulize ungemwita nani wewe.

Tatu, jina ambalo Khalil anamtania nalo Yusuf: kifa urongo. Msomaji wa Kiingereza anahitaji kuelezwa kwamba ni aliyekufa kwa kujifanya. Wewe uliyekulia kijijini unalijua tayari: ni ule mmea unaouchezea ukitoka shule, ukigusa tu majani yanajifumba. Wanabotania wanauita *Mimosa pudica*. Hufanya hivyo kwa kuhamisha maji kutoka kwenye seli zilizo kwenye vifundo vya shina la jani, seli zinalegea, jani linaanguka, na baada ya dakika chache linafunguka tena. Haukufa. Ulikuwa unasubiri mkono uondoke. Nilisoma riwaya nzima kwa Kiingereza nikiudhika na ukimya wa Yusuf. Kwa Kiswahili nikakumbuka ule mmea, nikamwelewa. Kitu kilikuwa kimefungwa kwenye aluminiamu muda wote, na kifaa changu hakikukiona.

Na nne, kuna Kalasinga. Huyu ni fundi, Singasinga, mcheshi, ambaye anatangaza kwamba ataitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Wenzake wanamshangaa: Kiswahili chenyewe hukijui vizuri na Kiarabu husomi. Anajibu kwamba ataitoa kwenye tafsiri ya Kiingereza. Nilicheka sana mara ya kwanza. Mara ya pili nilicheka kidogo, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumsoma Lem kupitia Kifaransa. Na historia nayo ina utani wake: tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka 1923, na aliyeifanya alikuwa mmisionari wa Kianglikana, Godfrey Dale. Kalasinga hakuwa anaota mbali na wakati wake.

Basi tusome vipi?

Sisemi tuache tafsiri. Bila tafsiri mimi nisingemjua Lem kabisa, na maji unayoyapima kwa kifaa chenye kasoro ni bora kuliko maji usiyoyapima. Ninachoomba ni kile tunachokidai kwenye makala yoyote ya sayansi: sehemu ya mbinu. Jina la mfasiri liwe kwenye jalada. Kitabu kiseme kimetoka lugha gani, chapa ipi. Na mfasiri apewe kurasa tatu, nne, atueleze ni wapi alikwama na alichagua nini. Ukisoma kurasa hizo hadithi haitapungua utamu. Mimi leo namwamini zaidi mtu anayeniambia kifaa chake kinakosea wapi.

Na msomaji naye ana kazi. Usiulize tu tafsiri imekosea wapi, swali hilo ni la walimu wanaosahihisha daftari. Uliza pia imeachia nini ambacho kilikuwa kimefungwa.

Kuhusu kile kijiji: tulirudi. Safari hii sikutafsiri ripoti, niliandika upya, nikiwa na yule mama na wenzake wawili mezani. Tuliondoa neno "hatari" lote. Tukaandika kwamba meno ya mtoto hupata madoa wakati yanajengwa ndani ya ufizi, kwa hiyo wadogo ndio wa kuwalinda kwanza. Kwamba kuchemsha hakuondoi floridi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Kwamba maji ya mvua yakivunwa kwa usafi yawekewe watoto ya kunywa na kupikia uji. Kwamba kisima bado ni bora kuliko mto. Ukurasa mmoja. Tulitumia siku mbili.

Yule mama alipomaliza kuusoma akasema, "Sasa hii ungetuletea ile siku ya kwanza." Nikamwambia, "Samahani, mama." Akasema maji ya chai yanachemka, tukae.

Neno moja la Kiswahili kwa ile hali ya jambo ambalo halipo lakini linaweza kuja, likiwa na kipimo ndani yake, bado sijalipata. Uwezekano ni baridi mno, hatari ni kali mno. Ukilipata, hata kama ni la kwa bibi yako, niandikie.